Doa la Buluu na Doa la Kijani: Taa ya Urujuanimno na Historia ya Kuonekana kwa Sumukuvu, 1938–2021

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya njia moja ya maabara, yaani kutambua kampaundi kwa mng'aro wake chini ya taa ya urujuanimno baada ya kampaundi hizo kutenganishwa kwenye bamba lenye tabaka jembamba la poda. Mfano unaochunguzwa ni aflatoksini, sumukuvu iliyogunduliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambayo karanga kutoka Uganda zilichangia kufichua chanzo chake. Hoja kuu ni kwamba sheria za chakula ziliifuata taa. Sumu iliyong'aa yenyewe ilipata jina, kipimo na kikomo cha kisheria mapema, ilhali sumu isiyong'aa ilisubiri. Makala inaonesha pia kwamba mng'aro peke yake haujawahi kutosha kuwa ushahidi, na kwamba jambo hilo lina uzito wa pekee pale nchi jirani zinapozuia mahindi mpakani kwa kutegemea vyeti vya maabara.

1.0 Utangulizi

Kuvu kwenye nafaka huonekana kwa macho na ukungu hunuka, lakini sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu haina rangi, harufu wala ladha inayoweza kumwonya mlaji. Punje iliyofutwa vumbi na kuanikwa upya inaweza kupita sokoni ikiwa safi machoni pa wote, kumbe imebeba sumu. Kwa sababu hiyo, historia ya sumukuvu haiwezi kutenganishwa na historia ya vifaa vilivyoifanya ionekane.

Mara nyingi historia ya usalama wa chakula katika ukanda huu husimuliwa kwa kufuata milipuko ya magonjwa na matamko ya serikali. Makala hii inafuata bamba la kioo na taa. Njia hiyo inasaidia kujibu maswali mawili yanayowahusu watafiti na washauri wa sera. Swali la kwanza ni kwa nini sumu hii, miongoni mwa nyingi za kuvu, ndiyo iliyotungiwa sheria mapema. Swali la pili ni nini hasa ambacho cheti cha maabara kinathibitisha, na nini hakithibitishi.

2.0 Kutoka Kharkiv hadi bamba la kiwandani

Mng'aro unaozungumziwa hapa hutokea pale kampaundi inapofyonza mwanga usioonekana na kuutoa tena ukiwa na wimbi refu zaidi, hivyo jicho likauona. Mwanafizikia George Gabriel Stokes aliueleza mwaka 1852 na kuupa jina la fluoresensi, kutokana na jiwe la fluori. Sayansi ya kutenganisha kampaundi kwa kuzipitisha kwenye poda ilikuja baadaye. Mtaalamu wa mimea Mikhail Tswett, akifanya kazi Warsaw katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, aliitumia kutenganisha rangi za majani na kuiita kromatografia. Rangi za majani zilijionesha zenyewe. Tatizo lilibaki kwa kampaundi zisizo na rangi: zingeweza kutengana vizuri kabisa bila mtu yeyote kujua zimekwenda wapi.

Mwaka 1938, huko Kharkiv, N. A. Izmailov na M. S. Shraiber walikuwa wakitafuta njia ya haraka ya kuchunguza dawa zitokanazo na mimea. Walitandaza tabaka jembamba la alumina juu ya kioo, wakadondosha tone la dawa, wakaongeza kiyeyushi, kisha wakaliangalia chini ya taa ya urujuanimno. Kampaundi zilijipanga katika duara moja ndani ya jingine, kila duara na mng'aro wake. Kwa hiyo tabaka jembamba na taa vilikutana tangu siku za mwanzo za njia hii. Hata hivyo, makala yao ilitoka katika jarida la famasia lililosomwa na wachache nje ya Umoja wa Kisovieti, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikuenea. Wanataaluma wanaoandika kwa Kiswahili wataitambua hali hiyo.

Nchini Marekani, Justus Kirchner na wenzake walipiga hatua nyingine mwaka 1951 walipokuwa wakichunguza mafuta ya machungwa na jamii yake. Walichanganya unga unaong'aa ndani ya poda yenyewe. Bamba zima likang'aa chini ya taa, na pale kampaundi iliyofyonza mwanga huo ilipokaa, doa jeusi likajitokeza. Hivyo hata kampaundi isiyong'aa iliweza kuonekana kwa kivuli chake. Mabamba yanayouzwa leo yakiwa na alama ya F254 yanafuata kanuni hiyo: yana chembe zinazong'aa kijani zikiangazwa kwa mwanga wa nanomita 254.

Aliyeifanya njia hii kuwa mali ya maabara zote ni Egon Stahl, Mjerumani, aliyeitangaza mwaka 1956 na kuanzia mwaka 1958 akasimamia upatikanaji wa silika jeli na vifaa vyenye vipimo vya namna moja. Kuanzia hapo fundi wa maabara hakulazimika tena kusaga poda yake mwenyewe. Sampuli hudondoshwa karibu na ukingo wa chini wa bamba. Bamba husimamishwa katika chombo chenye kiyeyushi kidogo, nacho hupanda taratibu kupitia poda kama mafuta yapandavyo utambi. Kila kampaundi huchukuliwa kwa mwendo wake. Bamba likikauka, hupelekwa kwenye chumba chenye giza na taa huwashwa.

3.0 Karanga, bata mzinga na madoa manne

Vifaa hivyo vilikuwa tayari mezani wakati balaa lilipozuka. Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000, wengi wao vifaranga, walikufa mashambani Uingereza katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa chanzo hakikujulikana, ugonjwa uliitwa X. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula cha mifugo, hasa mashudu ya karanga yaliyoingizwa kutoka Brazili. Lakini mashudu ya Brazili hayakuwa peke yake. Afrika Mashariki nako vifaranga wa bata waliolishwa mashudu ya karanga za huku walikuwa wakifa kwa dalili zinazofanana, na ini ndilo lililoharibika.

Mwaka 1961 watafiti K. Sargeant, A. Sheridan, J. O'Kelly na R. B. A. Carnaghan walieleza katika jarida la Nature jinsi kuvu ilivyopatikana katika sampuli ya karanga za Uganda zenye sumu kali. Kuvu hiyo ilitambuliwa kuwa Aspergillus flavus. Ilipooteshwa kwenye karanga safi, karanga hizo nazo zikawa na sumu. Kiungo kilichokuwa kikitafutwa kati ya shamba na kifo cha mnyama kikawa kimepatikana, na mkulima wa Uganda, bila kujua, alikuwa ametoa ushahidi mmojawapo uliokuwa muhimu kuliko yote.

Hapo ndipo taa ilipochukua nafasi yake. Dondoo la sumu lilipopitishwa kwenye karatasi ya kromatografia lilitoa doa moja lenye mng'aro wa buluu, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba sumu ni moja. Tabaka jembamba lilitoa jibu tofauti. Mwaka 1962 madoa mawili yalitenganishwa, moja la buluu na jingine la kijani, na mwaka 1963 R. D. Hartley, Brenda Nesbitt na O'Kelly walieleza kampaundi nne. Majina yaliyotolewa yalisoma bamba lilivyo. B ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la buluu, na G ni ya neno la kijani. Tarakimu 1 na 2 zinaonesha ipi ilipanda juu zaidi kwenye bamba. Hivyo B1, B2, G1 na G2, majina yanayoandikwa leo katika sheria na vyeti vya dunia nzima, ni maelezo ya kile ambacho jicho la mtafiti liliona gizani.

Mwaka huohuo wa 1963 kundi la Massachusetts Institute of Technology, akiwamo Gerald Wogan, lilitangaza muundo wa kikemia wa sumu hizo. Umbo lake lilieleza mng'aro wake: sehemu ya molekuli hufyonza mwanga wa karibu nanomita 365 na kuurudisha ukiwa wa buluu au wa kijani. Sumu hii ilikuja na alama yake mwilini, kwa hiyo kiasi kidogo sana, sehemu chache katika kila sehemu bilioni moja za chakula, kiliweza kuonekana bila mashine ya gharama.

4.0 Kutoka mng'aro hadi kikomo cha kisheria

Kikomo cha kisheria hakiwezi kuwekwa chini ya kile kinachoweza kupimwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa kilo mwaka 1965, ikakishusha hadi 20 mwaka 1969. Mwaka 1966 kundi la ushauri wa protini la mashirika ya Umoja wa Mataifa lilikubali nalo mikrogramu 30 kwa kilo kwa vyakula vya karanga. Kiwango hicho kilikuwa maafikiano kati ya hatari mbili, sumu na utapiamlo, kwani karanga zilitegemewa kama chanzo nafuu cha protini kwa watoto. Kati ya kifo cha bata mzinga na kikomo cha kwanza ilipita miaka mitano tu.

Tofauti yake na fumonisini inafundisha. Fumonisini hutengenezwa na kuvu nyingine inayoota sana kwenye mahindi, na kuvu hiyo ilikuwa imeshukiwa kwa miongo mingi kwa kuua farasi. Sumu yenyewe haikutambuliwa hadi mwaka 1988, nchini Afrika Kusini. Haina sehemu inayong'aa. Ili ionekane, ni lazima kwanza iunganishwe na kemikali nyingine. Sababu za kuchelewa huko zilikuwa zaidi ya moja, lakini ukosefu wa mng'aro ni mojawapo: dondoo lenye fumonisini likiwekwa kwenye bamba na kuangazwa, mtazamaji haoni kitu. Mpangilio wa sheria za sumukuvu, kwa kiasi fulani, ni mpangilio wa urahisi wa kuziona.

5.0 Bamba na mlo wa Afrika Mashariki

Baada ya mwaka 1963 swali lilihama kutoka banda la mifugo hadi jikoni. Uganda iliingia tena katika kumbukumbu za sayansi. Kati ya mwaka 1966 na 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani katika sehemu mbalimbali za nchi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1971 na M. E. Alpert, M. S. R. Hutt wa Makerere, Wogan na C. S. Davidson, yalionesha kuwa karibu asilimia 30 zilikuwa na aflatoksini. Maeneo yenye sampuli nyingi chafu, Karamoja likiwa mfano ulio wazi, yalikuwa pia na saratani ya ini kwa wingi. Mwaka 1970 A. Serck-Hanssen alikuwa ameeleza kifo cha kijana wa Uganda mwenye umri wa miaka 15 aliyekula mihogo iliyoota kuvu. Mihogo hiyo ilikutwa na miligramu 1.7 za aflatoksini kwa kilo, sawa na mikrogramu 1,700.

Nchini Kenya, F. G. Peers na C. A. Linsell walichunguza vyakula vilivyokuwa tayari kuliwa katika wilaya ya Murang'a, kutoka nyanda za chini hadi za juu. Matokeo yao ya mwaka 1973 yalihusisha kiasi cha sumu katika mlo na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini. Tafiti hizi ni miongoni mwa zile zilizojenga hoja iliyolifikisha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuiweka aflatoksini, mwaka 1987, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mwanahistoria anapaswa kuona mgawanyo wa kazi uliokuwapo. Karanga, mihogo na wagonjwa walikuwa huku. Mtandao wa wataalamu, majarida na maabara zilizotoa uamuzi ulikuwa na vitovu vyake London, Massachusetts na Lyon. Ujuzi uliotokana na chakula cha ukanda huu uliwahi kulinda wanunuzi wa nje kwa vikomo vya uagizaji kabla haujawa kinga ya kila siku ya mlaji wa kijijini, ambaye chakula chake hutoka shambani kwenda chunguni bila kupita mbele ya mkaguzi. Gharama ya pengo hilo ilionekana mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, ambako wagonjwa 317 walirekodiwa na 125 kati yao wakafa. Uchunguzi wa bidhaa 350 za mahindi kutoka masoko 65 ulikuta asilimia 55 zikizidi kikomo cha mikrogramu 20 kwa kilo kilichotumika Kenya wakati huo, na asilimia 7 zikizidi 1,000. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

6.0 Mipaka ya mng'aro

Kwa kuwa taa ni rahisi kutumia, ni rahisi pia kuiamini kupita kiasi. Vitu vingi hung'aa. Mahindi yaliyoshambuliwa na Aspergillus flavus yakiangazwa kwa taa huonesha mara nyingine mng'aro mkali wa kijani chenye manjano. Mng'aro huo unatokana na zao jingine la kuvu, asidi ya koji, baada ya kugusana na vimeng'enya vya punje hai. Ni ishara kwamba kuvu ilipita. Hauoneshi sumu yenyewe wala kiasi chake. Gunia linaweza kung'aa bila kuwa na sumu ya kuzidi kikomo, na jingine likatulia gizani huku likiwa nayo. Taa inayomulikwa juu ya gunia na taa inayomulikwa juu ya bamba ni taa ileile, lakini majibu yake hayana uzito mmoja.

Ndiyo maana wakemia waliongeza hatua za kuthibitisha. Doa la sampuli huwekwa sambamba na madoa ya aflatoksini halisi ya viwango vinavyojulikana, na ni lazima lipande kwa kimo kilekile. Bamba likinyunyiziwa asidi ya salfuriki, mng'aro wa aflatoksini hugeuka kuwa wa manjano. Doa lisilogeuka hukataliwa. Kiasi hukadiriwa kwa jicho kwa kulinganisha ukali wa mng'aro, na jicho hutofautisha vibaya viwango vinavyokaribiana. Mashine za kromatografia ya kimiminika zimeondoa udhaifu huo wa jicho, ila nyingi kati yake bado zinategemea mng'aro uleule: taa imehamia ndani ya mashine.

Udhaifu mkubwa zaidi hauko kwenye taa wala mashine. Sumukuvu haitawanyiki sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya shehena, na mchotaji asiyezifikia atapeleka maabara sampuli safi kutoka katika shehena chafu. Maabara mbili zilizo hodari kwa kiwango kimoja zinaweza kutoa majibu yanayopingana juu ya lori lilelile, na zote zikawa zimesema kweli kuhusu gramu zilizopewa.

7.0 Mpaka wa nchi na kikomo cha sumu

Hayo yote yalikutana mwezi Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Baada ya siku chache biashara ilifunguliwa kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti kinachoonesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hicho ndicho kikomo cha viwango vya mahindi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini. Kwa B1 peke yake ni 5.

Hofu ya afya haikuwa ya kubuni. Makaburi ya mwaka 2004 na 2016 yanatosha kuithibitisha. Lakini historia iliyoelezwa inaonesha kwamba namba iliyo kwenye cheti ni mwisho wa mnyororo wa matendo: nani alichota, kutoka magunia mangapi, kwa njia gani, na akalinganisha na kipimo gani. Cheti kisichosema hayo hakimpi jirani sababu ya kukiamini wala ya kukikataa.

Kuna pia suala la lugha. Neno sumukuvu limejengwa vizuri, na linaeleweka kijijini kuliko neno la kigeni. Hata hivyo, linatumika kwa aflatoksini peke yake katika sehemu moja na kwa sumu zote za kuvu katika sehemu nyingine. Msimamisho wa mwaka 2021 uligusa aflatoksini na fumonisini, huku kikomo cha 10 kilichofuata kikihusu aflatoksini pekee. Mfanyabiashara aliyesikia neno moja kwa mambo mawili angeweza kupima moja na kudhani amemaliza.

8.0 Hitimisho

Historia ya bamba na taa inaonesha kwamba hatari ya chakula huingia katika sheria kwa mlango wa kuonekana. Aflatoksini ilipita mapema kwa sababu ilijimulika yenyewe, na karanga za Uganda zilikuwa kati ya zile zilizomulikwa kwanza. Fumonisini ilikawia. Zipo sumu nyingine ambazo hazitang'aa kamwe, na sera inayosubiri mng'aro itazikuta zimeshaliwa.

Kutokana na historia hiyo yanafuata mambo matatu kwa watunga sera wa nchi jirani. Kwanza, bamba na taa bado vinafaa kama chekecheo katika maabara za wilaya na vituo vya mpakani, mradi vimulike dondoo lililotenganishwa na kulinganishwa na kipimo halisi, na majibu yenye utata yapelekwe maabara ya rufaa. Pili, makubaliano ya jinsi ya kuchota sampuli yana thamani kubwa kuliko ununuzi wa mashine mpya, na maabara za nchi hizi zingepaswa kubadilishana sampuli zilezile mara kwa mara ili tofauti zijulikane kabla malori hayajafika mpakani. Tatu, vyeti viandikwe kwa Kiswahili kinachotaja sumu kwa jina lake, aflatoksini au fumonisini, huku sumukuvu likibaki neno la jumla. Mwaka 1961 sampuli ya Uganda ilihitaji kusafiri hadi Uingereza ili isomwe. Sampuli ya leo haihitaji safari hiyo; inahitaji maabara mbili za jirani zinazoweza kuisoma kwa namna moja.